Ukitaka Kiti cha Mwanzi, Anza na Mwanzi

Viti vya mianzi huuzwa kwa macho. Vimepangwa kando ya barabara, vanishi bado mpya, vinang'aa juani, na mpita njia huvutiwa na umbo la mgongo na rangi ya mto aliouweka muuzaji. Lakini kiti kitakachodumu miaka kumi na kile kitakachoanza kumwaga unga sakafuni kabla mwaka haujaisha vinaweza kusimama bega kwa bega, umbo moja, bei moja. Kilichovitofautisha kilifanyika mapema zaidi: siku mwanzi ulipokatwa, na majuma yaliyofuata kabla fundi hajashika msumeno. Kwa hiyo usianze na mto wala mgongo. Anza na mwanzi.

Mwanzi gani, na wa umri gani

Kwanza hakikisha unachouziwa ni mwanzi. Sokoni mwanzi na henzirani huchanganywa sana, na vyote viwili hufanya viti vizuri, ila havitunzwi sawasawa. Henzirani ni mmea wa jamii ya mitende unaoparamia miti ya msituni. Fimbo yake imejaa ndani na hupindika kirahisi, ndiyo maana viti vyake vina mizunguko mingi. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Una mafundo, na kati ya fundo na fundo kuna pingili yenye uwazi. Pindua kiti utazame ncha iliyokatwa: ukiona tundu kubwa katikati, ni mwanzi, ukiona imejaa, yenye vitobo vidogo vidogo kila mahali, kwa kawaida ni henzirani. Viti vingi bora ni vya mchanganyiko, fremu ya mwanzi na viungo vilivyofungwa kwa ukanda wa henzirani. Ukikipata kiti cha namna hiyo, kiangalie mara mbili.

Afrika Mashariki ina mianzi ya aina kadhaa inayoishia kwenye viti. Upo wa milimani, unaoota kwa wingi kwenye misitu ya nyanda za juu kama Aberdare na Mlima Kenya, mrefu, mwembamba wa ukuta, mwepesi. Nchini Kenya serikali ilipiga marufuku ukataji wake katika misitu ya umma mwaka 1986, kwa hiyo si vibaya kumuuliza fundi mwanzi wake umetoka kwenye shamba la nani. Upo ule wa Iringa na Njombe unaogemwa ulanzi. Huu una ukuta mnene, na baadhi ya vipande karibu havina tundu kabisa, jambo linaloufanya uwe mzito na imara kwa miguu ya kiti. Na upo mwanzi wa njano wenye michirizi ya kijani, unaopandwa mijini kama pambo. Ni mzuri kuutazama, lakini una wanga mwingi, na wadudu wanaupenda kupita mingine. Sikatazi kuununua. Nasema huo ndio unaohitaji kutibiwa vizuri kuliko yote.

Umri ni jambo kubwa kuliko aina. Chipukizi la mwanzi hufikia urefu wake wote katika msimu mmoja, miezi michache tu, na mtu asiyejua akiuona umesimama mita kumi na zaidi hudhani umekomaa. Haujakomaa. Miaka inayofuata haurefuki wala haunenepi. Hukaza ukuta wake. Mwanzi wa samani hukatwa ukiwa na miaka 3 hadi 5. Wale waliowahi kuona ulanzi ukigemwa wataelewa upesi: machipukizi hukatwa ncha wakati wa mvua, na utomvu unaodondoka ni mtamu kiasi cha kuchachuka wenyewe na kuwa pombe. Mmea ulio katika hali hiyo umejaa maji na sukari. Ukiukata mchanga ukaufanya kiti, maji yatatoka na kuta zitanywea, na chakula kitakachobaki ndani kitawaita wadudu.

Shambani umri unasomeka kwenye ganda. Mwanzi mchanga una unga mweupe chini ya mafundo na mabaki ya maganda yaliyouvika ulipochipua. Mkomavu umepauka na kushika madoa ya kijivujivu. Kwenye kiti kilichokwisha pigwa msasa alama hizo zimefutika, lakini zipo nyingine. Pitisha kidole gumba kwenye pingili za katikati ya mgongo. Mwanzi uliokatwa mchanga huwa na mikunjo midogo ya urefu, kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na mahali pengine pingili imebonyea upande mmoja. Mwanzi mkomavu ni mviringo, mgumu, na ukiugonga kwa ukucha hutoa sauti kavu.

Tazama pia rangi chini ya vanishi. Kijani hafifu kinachobaki karibu na mafundo kina maana kwamba mwanzi haujakauka. Mwanzi hukaushwa kivulini, umesimamishwa au umeinuliwa ardhini, kwa majuma kadhaa hadi miezi. Fundi mwenye haraka huuanika juani, ukapasuka, au huupaka vanishi ukiwa mbichi, nao utapasukia kwako. Ufa mwembamba ndani ya pingili moja si msiba. Ufa unaovuka fundo, au unaoanzia kwenye tundu la msumari, huo utaendelea. Kiache kiti hicho.

Halafu uliza swali ambalo wateja wengi hawaliulizi: mwanzi huu umetibiwa kwa njia gani? Fundi makini atakueleza bila kusita. Wengine hutoboa mafundo kwa ndani na kuuloweka mwanzi kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki kwa siku kadhaa. Wengine huulaza mtoni au kwenye bwawa majuma kadhaa ili wanga upungue. Ni njia ya zamani, inasaidia, ingawa haifikii boraksi. Wengine huufukiza moshi. Ukijibiwa, "Nimepiga vanishi mbili, mama, hauliwi huu," bado hujajibiwa. Vanishi hufunika ganda la nje, na ganda la nje ndilo gumu kuliko sehemu zote za mwanzi. Mdudu huingilia kwenye ncha zilizokatwa na upande wa ndani, ambako brashi haifiki.

Pindua kiti

Muuzaji mzuri hakasiriki ukipindua kiti chake. Anza na miguu. Mguu uliokatwa vizuri huishia chini kidogo tu ya fundo, ili mahali panapokanyaga sakafu pawe na kizibo cha asili. Mguu uliokatwa katikati ya pingili ni bomba tupu. Uzito wa mtu ukirudi mara kwa mara, kingo zake huchanika na kuchanua. Hili ni jambo dogo ambalo halimgharimu fundi chochote isipokuwa kufikiri kabla ya kukata, na kwangu ndilo kipimo cha kwanza cha ufundi.

Kisha viungo. Msumari uliopigiliwa moja kwa moja kwenye mwanzi huupasua, kwa kuwa nyuzi zake zote zimelala upande mmoja na hakuna kinachozuia ufa kukimbia. Inatakiwa tundu litobolewe kwanza kwa keekee, karibu na fundo, ndipo ipitishwe bolti, skrubu au kijiti cha mbao ngumu. Juu ya hapo kiungo hufungwa: kwa henzirani, kwa ukanda wa ngozi, au kwa kamba ya katani. Kufunga huku si pambo. Ndiko kunakobana mianzi miwili isizunguke, na ukiona kamba imezungushwa mara mbili tatu kwa ajili ya sura huku chini yake kuna msumari mmoja uliopinda, umeuona ukweli wa kiti hicho.

Kiweke kwenye sakafu iliyosawazika, si kwenye mchanga wa kando ya barabara, kisha kaa. Usikae kwa adabu. Egemea, jisogeze kushoto na kulia, bonyeza mikono ya kiti kana kwamba unainuka. Mwanzi una mlio wake mwepesi, huo ni wa kawaida. Usiotakiwa ni mlio wa kusuguana kwenye kiungo kimoja kila unapohama upande. Hicho kimelegea tayari. Pima pia kimo. Kiti cha mezani hufaa kikiwa na sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni hadi mahali pa kukalia. Vya kupumzikia huwa chini zaidi, na vijana hawaoni taabu, lakini bibi au babu mwenye magoti mabovu hatainuka kwenye kiti cha sentimita 35 kisicho na mikono. Kama nyumbani kuna mzee, agiza kimoja kirefu chenye mikono imara, hata kama hakitalingana na vingine.

Mahali pake nyumbani

Mahali panapofaa zaidi kiti cha mwanzi ni kibarazani chenye paa pana, au sebuleni mbali kidogo na dirisha la jua la mchana. Jua kali hupausha rangi, hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine na kuleta nyufa. Mvua hufanya mabaya zaidi: huvimbisha mwanzi, hulegeza kamba, na kuiosha ile boraksi polepole, kwa kuwa dawa hiyo huyeyuka majini. Kiti cha mwanzi si cha bustanini. Kitoe jioni ukitaka, kisha kirudishe.

Hali ya hewa ya unapoishi ibadili desturi zako. Tanga, Mombasa au Unguja, adui ni unyevu: usikibananishe kiti na ukuta, acha upana wa kiganja hewa ipite nyuma, na wakati wa masika usikifungie kwenye chumba kisichofunguliwa. Dodoma au Garissa, adui ni ukavu. Kiti kilicholetwa kutoka pwani kitalia na kupasuka majuma ya kwanza kikikaa karibu na mlango wa upepo wa joto. Kikalishe kwanza pembe ya nyumba iliyo na baridi zaidi.

Miguu isiguse udongo wala sakafu inayochuruzika maji. Mchwa hupanda kupitia mguu uliogusa ardhi, na maji ya kudekia hunywewa na ncha zilizokatwa. Vikofia vya mpira vinavyouzwa kwa ajili ya miguu ya meza vinatosha. Paka vanishi kwenye ncha kabla ya kuvivisha.

Sasa sura. Kosa ninaloliona sana ni kujaza. Seti nzima, kochi la watu watatu, viti vinne, meza na rafu, vyote vya mwanzi, hufanya sebule ionekane kama ukumbi wa hoteli ya ufukweni. Mwanzi una mistari mingi, na mistari inahitaji mahali patupu ili ionekane. Viti viwili vikitazamana na kochi la kawaida la kitambaa, au kimoja pembeni chenye taa na stuli ya vitabu, vinapendeza kuliko seti ya watu saba. Kama chumba ni kidogo, hiyo ndiyo faida ya mwanzi: kiti chake kinapitisha mwanga na macho, hakikai kama sanduku katikati ya chumba.

Kuhusu vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika kwenye makochi, navipenda na najua saa zinazoingia kwenye kimoja. Ukiwa na kiti cha mwanzi, viweke mezani badala ya mgongoni. Mgongo ndio uso wa kiti, na mkono wa fundi uko hapo.

Mito ndiyo inayobeba rangi. Mwanzi wenyewe ni wa hudhurungi ya asali au kahawia iliyounguzwa kwa moto, kwa hiyo hukubali karibu rangi yoyote iliyokolea: buluu ya nili, kijani cha majani ya mwembe, nyekundu ya damu ya mzee. Rangi za maziwa nazo ni nzuri, mradi foronya zivuliwe kirahisi zifuliwe. Kitenge kizito hudumu. Kanga ni nyepesi, lakini ukiishonea kitambaa kingine kwa ndani inafanya mto mzuri sana, na hapo naomba jambo moja: ikate ili mji uwe katikati ya mto, na jina lisomeke lote, lisikatwe katikati na mshono. Maneno ya kanga yaliyokatwa nusu ni kama salamu isiyoitikiwa.

Ndani ya mto wa kukalia weka sponji ngumu ya inchi 3 hadi 4. Laini hulala chini baada ya miezi michache na utaanza kuhisi vipande vya mwanzi. Kwa mito ya mgongoni, ukiweza kupata sufi, chukua sufi. Ni nyepesi, hainyonyi maji upesi, na joto la pwani haliifanyi iwe nzito. Iweke juani mara moja kwa mwezi ipate kufumuka. Shonea kila mto vikamba vya kufungia, maana mwanzi uliopigwa vanishi unateleza.

Kuupangusa, basi

Usafi wa kila siku ni kitambaa kikavu na brashi laini. Mswaki wa zamani hufika kwenye mafungo ya kamba ambako vumbi hujificha. Kiti kikichafuka, tumia kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya sabuni kidogo, kisha cha maji matupu, kisha kikavu. Usikimwagie maji, usitumie jiki wala stili waya. Kikishika ukungu, changanya siki na maji kiasi sawa, futa, acha kikauke kivulini penye upepo, na utafute kwa nini kilipata unyevu, la sivyo ukungu utarudi. Vanishi irudishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mapema zaidi kwa kiti cha barazani. Kwanza pitisha msasa laini kidogo tu, kwa kuwa ganda la mwanzi lina utelezi na vanishi haishiki bila kukwaruzwa. Usisugue hadi ganda liishe. Nyuzi zenye nguvu zimejazana upande wa nje. Ukizimaliza kwa msasa, umekidhoofisha kiti kwa nia njema.

Unga chini ya kiti

Siku moja unaweza kuona kichuguu kidogo cha unga wa rangi ya maziwa chini ya mguu, na juu yake tundu lenye upana wa milimita moja au mbili. Huyo ni bungua wa mwanzi, kidudu cha hudhurungi chenye urefu wa milimita 3 hivi. Mkulima wa mahindi atamtambua bila kuambiwa, kwa kuwa ni ndugu wa dumuzi, yule aliyeanza kuangamiza mahindi Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wakampa jina la Scania. Tabia zao zinafanana: hutoboa, husaga, hujificha ndani, na unga ndio unaowasaliti.

Usikimbilie kukitupa kiti, wala usisubiri. Kitenge siku hiyo hiyo na samani nyingine za mwanzi, vikapu na nyungo. Kung'ute, kifute chote, kisha tandika kitambaa cheusi chini yake kwa siku chache. Kama hakuna unga mpya, huenda ni matundu ya zamani. Ukianguka mwingine, wamo.

Yeyusha boraksi na asidi ya boriki, jumla ya gramu 50 kwa kila lita ya maji ya moto, acha ipoe, na uingize kwa bomba la sindano kwenye kila tundu na kwenye ncha zote zilizo wazi. Vaa glavu, weka dawa mbali na watoto, na bomba hilo lisitumike tena kwa kitu kingine. Rudia baada ya siku mbili tatu, acha kiti kikauke kabisa kivulini, ziba matundu kwa nta ya mshumaa, kisha paka vanishi kwenye ncha. Kuziba kunakusaidia pia baadaye: tundu jipya litaonekana bila shaka. Endelea kukikagua miezi miwili, kwa kuwa mayai yaliyobaki huanguliwa kwa wakati wake.

Watu hutumia mafuta ya taa. Yanaua baadhi, lakini kiti kilichonyweshwa mafuta ya taa ni hatari karibu na jiko la mkaa, na harufu yake haitoki mitoni. Oili chafu iachie nguzo za uzio. Haina nafasi kwenye kitu ambacho mtoto ataegemeza shavu. Na kama kiti kinasikika tupu kila unapogonga, na mguu unabonyea kwa kidole, kichome mbali na nyumba kabla hakijaambukiza vingine.

Viungo vikilegea

Hata kiti kizima cha mwanzi kitalegea siku moja, na hilo si ugonjwa. Kamba huchoka kabla ya mwanzi. Kata mafungo ya zamani, kaza bolti bila kulazimisha, kisha funga upya. Ukitumia henzirani, loweka ukanda wake majini hadi ulainike, uzungushe ukiwa umevutwa sana, na ufiche ncha chini ya mizunguko. Ukikauka utakaza wenyewe. Ngozi mbichi hubana zaidi, ila panya huipenda. Katani ni rahisi kupatikana, nayo ipakwe gundi nyembamba ya mbao ikiwa imekwisha fungwa.

Ufa mpya kwenye pingili uwahi. Toboa tundu dogo kwa keekee mwisho wa ufa ili usiendelee, ingiza gundi ya mbao, bana kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kwa siku nzima, kisha zungushia kamba mahali hapo na ufunge kamba kama hiyo upande wa pili ili vilingane. Mguu uliochanika kabisa haugundishwi. Mpelekee fundi aubadilishe kwa mwanzi mkavu wa unene uleule, na kabla hajaukata mwonyeshe fundo liwe wapi.